Wageni wa Siku Mbili

Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, jamaa zetu wa Nairobi wameifanya ada kushuka Mombasa Ijumaa na kurejea Jumapili, nao, ijapokuwa husema wameifuata bahari, huja wamefunga unga wao, sukari yao na hata maji yao ya kunywa, kana kwamba kisiwa hiki, kilicholisha mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, hakijapata kuona chakula. Baba, aliyeapa kustarehe, hushinda kivulini akijibu simu za kazini. Mama huwakanya watoto wasilowe, ilhali ni yeye aliyewanunulia nguo za kuogelea. Na dafu, likishakatwa na kutiwa mrija, sharti lipigwe picha kwanza, hata linapofika kinywani limekwisha kupata moto. Ngome huitazama kwa nje, maana kiingilio, wasema, ni israfu. Lakini Mapembeni husimama wote, chini ya pembe zile za bati, kwa taadhima ambayo ndovu aliye hai hajapata kutunukiwa. Jumatatu huwaarifu wenzao kwamba Mombasa kuna joto. Hilo ni kweli.