Hotuba ya Mtaalamu wa Vitabu Visivyoshikika

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wa Bariadi, walimu mliotoka Maswa, Itilima na Meatu, naomba mnipigie makofi sasa hivi, maana mbele mtazidiwa. Mimi ni mtaalamu wa vitabu vya kidijiti. Cheti kiko njiani. Nilipohutubia Nanenane pale Nyakabindi, hata ng'ombe wa banda la jirani waliacha kucheua.

Mmeniita nieleze kipi kinadumu, kitabu cha karatasi au cha kwenye simu. Karatasi ni chakula cha mchwa. Simu yangu hii, kamera tatu, ina vitabu elfu mbili. Majalada yake nimeyasoma yote.

Mwalimu kule nyuma anauliza kuhusu Amazon. Naam, Julai 2009 kampuni hiyo ilifuta kwenye Kindle, vifaa vya kusomea vitabu, za wateja riwaya mbili za George Orwell walizokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa. Huo si wizi, ni usafi! Sasa mwalimu ananipungia mojawapo, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, jalada limeshikizwa kwa selotepu. Keti, mwalimu. Hicho kimepona kwa sababu tu hakuna wa kukifuata nyumbani kwako usiku.

Mwingine anamtaja Aniceti Kitereza, jirani yetu wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake 1945, ikachapishwa 1980. Mswada ulingoja miaka 35 bila chaji. Yeye akafariki 1981, vitabu havijamfikia. Ningekuwepo, ningeipakia mtandaoni kwa dakika tano. Nywila ningeitunza mimi.

Kuhusu bei ya kitabu cha kwenye simu, mnanung'unika: hakina karatasi, wino wala nauli ya lori, mbona ni ghali? Na ukikimaliza humwazimi jirani, maana ulichonunua ni ruhusa ya kusoma. Ndugu zangu, mkulima wa Simiyu hapangi bei ya pamba yake mwenyewe, itakuwa msomaji?

Wenye husuda wanadai naichukia karatasi kwa kinyongo. Si kweli. Ni kweli tu kwamba stendi niliuziwa maandazi yaliyofungwa kwa ukurasa wa tawasifu yangu, na mama muuzaji akaisifu: hainyonyi mafuta. Hakuna mhakiki mwingine aliyejitokeza.

Nakala za hotuba hii zinauzwa mlangoni, shilingi elfu mbili. Ni za karatasi. Nikiwatumia kwenye simu, mtarushiana bure.