Mwongozo wa Bukhara kwa Mgeni Anayejiona Mwenyeji

Hatari ya Bukhara kwa mtu wa pwani ni kwamba atadhani amewahi kufika. Mnara wanauita minor, kitabu ni kitob, dunia ni dunyo, na ukimshukuru mtu kwa rahmat atakuitikia mkono kifuani. Siku ya pili utajiona mzaliwa wa mtaa. Siku ya tatu utauliza maktaba iko wapi, utaelekezwa kwa bashasha, utapita vichochoro viwili vya kuta za udongo, na utajikuta langoni mwa shule, watoto wamekukodolea macho. Maktab kwao ni shule. Vitabu viko kutubxona.

Upepo wa bahari usiutafute. Uzbekistan imezungukwa na nchi ambazo nazo hazina bahari, kwa hiyo hata ukivuka mpaka wowote ule, pwani bado. Julai joto hufika nyuzi 40, kavu kama la tanuri. Januari maji huganda. Kanzu peke yake haikutoshi.

Wengi huja kwa ajili ya ziara. Aliyesoma chuo utotoni anamjua Imam Bukhari, aliyezaliwa mji huu mwaka 810, na anafika akiuliza kaburi. Kaburi halipo. Imam alifia karibu na Samarkand mwaka 870 na huko ndiko alikozikwa, safari ya kilomita mia mbili na ushee kurudi ulikotoka. Anayelala jirani na Bukhara ni Bahauddin Naqshband. Mzuru kwa adabu, ila kama umelelewa kwenye zikri za Kadiria usisubiri dufu wala mtikisiko wa mabega: watu wa tarika yake husifika kwa zikri ya kimya, ya moyoni.

Katikati ya mji kuna Labi Hauz, yaani ukingo wa hodhi. Hodhi unaijua, ila ya kwenu ni ya kutawadhia, na hii ni bwawa la mwaka 1620 lenye ngazi za mawe pande zote na miforosadi iliyopinda kwa uzee. Utaletewa chai, utatazama maji, utasema: wazee hawa walijua kuishi. Subiri kidogo. Mji ulijaa mahodhi ya namna hii, na watu walikunywa humohumo walimonawa miguu. Wachota maji walijaza viriba na kuyatembeza majumbani pamoja na rishta, mnyoo unaokua chini ya ngozi na kuchomoza mguuni kama uzi. Vinyozi ndio waliokuwa mafundi wa kuutoa: waliuzungusha kwenye kijiti, polepole, usije ukakatikia ndani. Wasovieti walipokuja wakakausha mahodhi mengi, na kufikia 1931 rishta ikawa imekwisha. Vyura wakapungua, na korongo waliokuwa wakiwala wakahama minara. Korongo wa Bukhara leo ni mkasi. Wahunzi huufua kwa umbo la ndege, mdomo ndio makali. Ukifumbua vidole, ndege anapanua mdomo. Nunua huo. Hauna ulaghai.

Kando ya hodhi yuko mzee wa shaba juu ya punda. Usipige kelele "Abunuwasi!" Kwa visa ndiye: sufuria iliyozaa, kisha ikafa, ni ileile. Lakini hapa ni Nasriddin Afandi, na Waturuki nao wanamdai. Hapohapo limesimama jengo ambalo lingemfaa kwa kisa. Waziri Nodir Devonbegi alilijenga miaka ya 1620 liwe nyumba ya kufikia misafara. Inasimuliwa kwamba khan alipita, akalitazama, akalisifu kwa madrasa nzuri. Nani amsahihishe khan? Likawa madrasa.

Mnara wa Kalyan, wa mwaka 1127, mita 46 hivi, hauna hila: Genghis Khan aliuharibu mji mwaka 1220 na huo akauacha. Utazame, basi. Yenye hila ni Chor Minor, "minara minne" ya 1807. Utangoja adhana bure, maana jengo hilo lilikuwa lango la madrasa. Na mmoja wa minara hiyo ulianguka mwaka 1995 ukajengwa upya. Anayekutembeza hatakuambia ni upi usipouliza.

Sokoni utaingia Toki Sarrofon, kuba la wabadilisha fedha, jamaa wa sarafu yetu. Jina linafaa, kwa maana ndipo zinapokutoka. "Zulia la Bukhara" usilinunue kwa jina. Waturkmeni ndio wafumaji, Bukhara ilikuwa soko tu, kama kanga zetu zilizochapwa India. Mimi niliambiwa lile pambo la pembe nane ni unyayo wa tembo. Nimetoka nchi yenye tembo, unyayo wake nimeuona matopeni, na bado niliamini, kwa dola nisizozitaja nyumbani.

Pilau ipo. Wanaiita osh au palov, nawe utaanza kupekua sinia ukitafuta karafuu, iliki na mdalasini. Hakuna. Kuna bizari nyembamba, karoti zilizokatwa vijiti, na mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo utayadhania nyama laini mpaka uyatie kinywani. Kachumbari ipo, kwa jina la achichuk. Lakini osh ni chakula cha mchana. Ukienda saa moja usiku utakuta sufuria zimeshaoshwa. Wala usimhubirie mpishi habari za pilau ya Unguja. Nilijaribu. Alinisikiliza kwa heshima zote mpaka nilipotaja mbatata, akaangua kicheko na kuwaita wenzake.

Ukialikwa nyumbani, mkate wao wa duara usiulaze kifudifudi. Kisha chai ya kijani: mwenyeji ataimimina kwenye bakuli dogo, piyola, atairudisha birikani, mara tatu, ndipo akupe, na atakupa nusu bakuli. Utaona umebaniwa. Nyamaza, unywe, urudishe bakuli. Kidogo ndiyo heshima, maana anataka akumiminie tena na tena mkiwa kwenye mazungumzo. Kwetu mgeni hujaziwa kikombe. Kule ukiona piyola imekujia imejaa pomoni, anza kutafuta viatu vyako mlangoni.