Muulize Bi Kobe: Mwezi wa Barua za Sura

Kwa wasomaji wapya: mimi ni kobe jike wa kisiwa cha Changuu, mbele tu ya Mji Mkongwe wa Unguja. Ukoo wetu uliletwa hapa kutoka Shelisheli, na wenye kututunza wametuandika umri mgongoni kwa rangi, tarakimu kubwa kubwa, ili kila mgeni azisome kabla hata hajaniamkia. Kwa hiyo asije mtu kunieleza mimi habari za kuuonea haya mwili.

Mwezi huu nilitarajia maswali ya ukame na ya watoto waliogoma kuachishwa ziwa. Badala yake mkoba mzima umejaa sura: pua, masikio, madoa, nywele. Wengi wenu hamjafikisha hata miaka minne. Nimejibu nilizoweza kabla boti la watalii halijafika na kabichi zake.

Vinundu usoni

*Shikamoo Bi Kobe. Mimi ni ngiri dume, bado mdogo, naishi Mweya, Uganda. Usoni nimeanza kuota vinundu. Juzi nilijitazama dimbwini nikadhani kuna mtu mwingine nyuma yangu. Dada zangu hawana vikubwa hivi. Hakuna dawa ya kienyeji? – Mwenye Vinundu*

Marahaba, mwanangu. Usipake kitu. Vinundu vya ngiri dume ni ngao. Siku utakapovaana vichwa na dume mwenzio, ndivyo vitakavyokinga uso wako. Dada zako hawapigani kwa mtindo huo, basi hawakupewa vikubwa.

Nami nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Hapo Mweya wako nguchiro wenye milia mgongoni, wale wanaotembea ukoo mzima. Wakubwa zako wakiwaona hujilaza ubavu, wakatulia, na nguchiro wakawapanda tumboni na masikioni wakiwachambua kupe. Wapiga filamu wametoka mbali kuja kuyatazama hayo. Umewahi kuona nguchiro akigoma kazi kwa sababu mteja ana vinundu? Anachotaka ni mtu atakayelala asirushe mateke. Jifunze kutulia aliye mdogo anapokuwa juu yako. Huo ndio urembo utakaokufaa, na kupe watapungua.

Sina milia

*Bi Kobe, shikamoo. Mimi ni mtoto wa punda milia, tuseme hivyo tu, maana milia sina. Mwili ni mweusi wenye madoadoa meupe. Magari ya watalii husimama kwangu hata kama kuna chui juu ya mti. Wenzangu wananiita Kanga. Nzi nao naona wananiuma mimi kuliko wote. Nifanyeje nipate milia? – Kanga wa Miguu Minne, Maasai Mara*

Marahaba. Kanga ni ndege mzuri na ni nguo nzuri, kwa hiyo hilo jina lipokee. Wala wewe si wa kwanza. Mwaka 2019, huko huko Mara, alipigwa picha mtoto mwenye madoadoa kama yako, na picha zikazunguka dunia. Rangi hiyo mtu huzaliwa nayo. Haiambukizi na haina kosa.

Kuhusu nzi nitakwambia kweli. Kuna watafiti waliowavisha farasi makoti ya milia, meusi na meupe, kisha wakakaa kuwahesabu nzi. Nzi waliwakaribia farasi wote, ila kutua juu ya milia mara nyingi kuliwashinda. Kwa hiyo huenda kweli unaumwa zaidi, na anayekwambia eti unajidhania tu hakutendei haki.

Sasa watazame wakubwa wanapopumzika adhuhuri. Husimama wawili wawili, kichwa cha huyu kikielekea mkia wa yule. Kila mmoja anaona upande ambao mwenzake haoni, na mkia wa kila mmoja unafukuza nzi usoni kwa mwenzake. Tafuta wa kusimama naye namna hiyo, na uanze wewe kupepea, usingoje kupepewa. Mama yako alishakufundisha njia: ulipozaliwa aliwazuia wengine wasikusogelee mpaka umjue yeye, harufu yake na sauti yake. Hakukuhesabu mistari kwanza.

Na huyo kinara wa kukuita Kanga, mpepee pia. Atanyamaza mwenyewe. Ni kazi ngumu kumtania mtu anayekufukuzia nzi.

Binamu ananiharibia

*Bi Kobe, mimi ni simba dume wa miaka mitatu, Serengeti. Tumeshafukuzwa nyumbani, mimi na binamu yangu. Bila kujisifu, mimi ni mzuri: manyoya ya shingoni yanaota meusi. Binamu ana vindevu vichache vya rangi ya majani makavu, na tukitembea pamoja ananishusha hadhi. Nafikiria kumwacha kwenye mawe ya Seronera nikatafute maisha. Tafadhali usinijibu kwa ile methali ya mkakasi, mama ameshanitajia. – Mweusi*

Hukuniamkia, lakini ndio umri wenyewe. Mkakasi nimeuweka kando. Wala sitakudanganya kwamba sura haina kazi. Hapo hapo Serengeti watafiti waliwasimamisha simba wa bandia wenye manyoya ya rangi na urefu mbalimbali, na mwaka 2002 wakatangaza walichokiona: majike waliwaendea wenye manyoya meusi, na madume wakawakwepa. Manyoya meusi hutangaza afya na mlo mzuri. Pia yanatunza joto. Jua likiwaka, wewe ndiye utakayeulizia kivuli wa kwanza.

Umenieleza mchana mtupu, usiku hukuugusa. Siku madume watatu wa ukoo mwingine watakaponguruma ng'ambo ya mto, watasikiliza sauti ngapi zinawajibu. Gizani manyoya yako hayaonekani. Dume aliye peke yake ni nadra kupata majike, na akiwapata hadumu nao. Mwenye vindevu ananguruma sawasawa na wewe.

Hiyo lakini ni hesabu, na hesabu hizo hata muuza samaki wa Darajani angekupigia. Wema sijautaja bado. Utaonekana siku binamu atakapokanyaga mwiba nawe ukiwa na njaa na swala wanaonekana kwa mbali. Ukipunguza mwendo siku hiyo, niandikie tena, nami nitayasifu hayo manyoya kwa moyo mweupe.

Mgeni ananuka

*Kwako Bi Kobe, shikamoo. Mimi ni ndama wa tembo wa miaka miwili, naishi kituo cha yatima pembeni mwa Hifadhi ya Nairobi. Wageni huja saa tano hadi saa sita mchana, na wote hunipiga picha mimi, kwa sababu masikio yangu ni mazuri na nanywa chupa bila kumwaga. Juzi kaletwa mgeni. Kakonda, ngozi inamning'inia, sikio moja lina pengo, ananuka tope la kisima alichotumbukia. Usiku analia. Mlezi anataka nikae karibu naye mbele ya wageni. Ni lazima? Nahofia picha. – Masikio Mazuri*

Marahaba, mwanangu. Nawe ulifika hivyo hivyo. Hakuna ndama aliyeletwa hapo amepambwa. Mlifikishwa na ujangili, na ukame, na visima. Maziwa ya kila baada ya saa tatu, blanketi, mlezi anayelala zizini nawe usiku, vyote ulipewa kabla mtu hajayatazama masikio yako.

Nikusimulie habari ya kwenu. Oktoba 2003, huko Samburu, kaskazini mwa Kenya, jike kiongozi ambaye watafiti walimwita Eleanor alikuwa mgonjwa, mkonga umevimba, anauburuta chini. Akaanguka. Jike wa familia nyingine kabisa, Grace, akamjia mbio mkia juu, akamnyanyua kwa pembe zake mpaka akasimama. Eleanor akaanguka tena. Grace akabaki pale akimsukuma ainuke, giza likaingia, na familia yake mwenyewe imeshaondoka. Kesho yake Eleanor akafa. Grace hakurithi kitu. Na huo mkonga uliovimba, watu waliokuwapo wameuandika. Kwamba ulimkirihi Grace, hakuna aliyeliandika hilo.

Utaniambia, Bi, mimi mdogo, sina pembe za kumnyanyua mtu. Kweli. Basi sikia habari ya ukoo wangu.

Desemba 2004 kiboko mdogo alisombwa na mafuriko ya mto Sabaki mpaka baharini, kisha ikaja tsunami, akabaki peke yake mwambani karibu na Malindi. Watu wakamwokoa, wakampa jina la Owen, wakampeleka Haller Park, Mombasa. Alipofunguliwa tu akakimbia kujificha nyuma ya kobe wa jamii yetu aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Jina lake Mzee. Kama hukuwahi kutuona, sisi ni wakavu, tuna makunyanzi, na tukishtushwa tunafoka. Mzee akafoka, akaondoka zake. Kiboko akamfuata. Mzee akaondoka tena, akafuatwa tena. Kasi yetu unaijua. Siku zikaenda. Mwisho wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, kiboko kaegemeza kichwa kwenye gamba, na dunia nzima ikaja kuwatazama.

Watu waliuliza huyo kobe alifanya nini cha ajabu. Nawajua ndugu zangu, sitawasingizia makubwa. Mzee aliacha kuondoka. Kwa yatima aliyekuwa ameachwa na kila kitu, mto, bahari na mama, hilo lilimtosha kuanzia.

Nawe hilo unaliweza kwa umri wako. Kesho wageni wakifika, simama ubavuni mwa huyo mgeni, usiondoke. Tope litakupata kidogo, utaoga baadaye. Picha zitapigwa tu. Kama kuna atakayezihifadhi, atahifadhi ile mliyosimama wawili.

Majibu mafupi

*Mtoto wa fisi, Ngorongoro, "nimezaliwa mweusi tii, na tunaambiwa ni ukoo wa wezi":* Weusi huo ni wa utotoni. Madoa yatatoka, usiwe na haraka. Habari ya wizi alishaichunguza mtafiti Hans Kruuk aliyekaa nanyi miaka ya 1960, na alikuta mnawinda wenyewe, na hapo bondeni mara nyingi simba ndiye anayewanyang'anya. Ukipata mfupa, mgawie aliyechelewa. Sifa mbaya haijibiwi kwa maneno.

*Mtoto wa popo, Kidike, Pemba, "watu wanaogopa nyuso zetu":* Popo wa jamii yako hawapatikani popote duniani ila Pemba. Kizazi kilichopita mlikuwa mmebaki wachache mno. Watu wa Kidike wakaacha kuwawinda, wakaanza kuwalinda, na leo mko kwa maelfu. Nyuso zenu nazijua, kwa hiyo nakuhakikishia hawakufanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Kula matunda, tawanya mbegu, ndiyo shukrani yako.

*Ngiri mwingine, asiyetaja jina:* Soma jibu la kwanza. Na hapana, chokaa haisaidii.

*Mtoto wa twiga, Tarangire, "miguu ni mirefu, kila nikinywa maji wananicheka":* Hata baba yako huipanua hivyo hivyo, mwangalie. Wanaokucheka ni hao hao wanaotazama unakotazama, maana wewe unamwona simba kabla yao. Wacheke, usiwanunie. Ukimwona, mkazie macho, wafupi wote wapate kukimbia. Na kama simba mwenyewe ana manyoya meusi na yuko peke yake, mwambie Bi Kobe anasema arudi akamtafute binamu yake.