Sifa za Kioo Kilichozima

Washairi wamemaliza kuusifu mwezi, wanasiasa hujisifu wenyewe, na wauza mashine husifu mashine mpya. Kioo kilichozima cha mashine kuukuu ya CNC, ile ikatayo chuma kwa amri za kompyuta, hakijapata wa kukisifu. Opereta hukisonya, bosi hukilaani, na mpita njia hukizaba kofi ubavuni akidhani kimesinzia. Dhuluma hii imedumu mno. Leo nakisimamia mimi, kwa kuwa katika karakana nzima ya chuma hakuna mtumishi anayekifikia kwa adabu, haki na ukweli.

Heshima yataka tuanze na nasaba. Mashine ya milingi inayoongozwa kwa namba ilionyeshwa kwa watu mwaka 1952 huko MIT, Marekani. Ilikuwa Cincinnati Hydro-Tel, na amri zake ilizisoma kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kioo cha picha haikuwa nacho, na chuma kilikatika barabara. Vioo ni wakuja tu: katika miaka ya 1980 mashine nyingi zilipewa kimoja kidogo cha inchi 9, cha rangi moja, cha ukoo wa televisheni za chogo. Kwa hiyo kikizima, msiseme kimeharibika. Kimerudi kwenye mila za mababu.

Fadhila yake ya kwanza ni ulimi mzito. Mtazame mpinzani wake, alamu. Kidhibiti cha zamani cha kampuni ya Fanuc, yaani ubongo wa mashine, kikiandika alamu 401, maana yake kiendeshi cha mota hakiko tayari. Kwa nini hakiko tayari? Pengine kiendeshi chenyewe kimeungua, pengine kebo imelegea, pengine umeme haukifikii. Lakini mtu akishapewa namba huacha kufikiri: hufungua kitabu, huona neno “kiendeshi”, huagiza kiendeshi. Kioo cheusi hakimhadai mtu kwa nusu ya habari. Hakisemi lolote, na hapo ndipo fundi hulazimika kuwa fundi.

Swali kinalomtupia ni zito kuliko mitihani mingi: mashine imekufa, au imenyamaza tu? Jibu hutafutwa kwa masikio na vidole. Je, feni zinavuma? Taa za paneli zinawaka? Meza ikisogezwa taratibu kwa vitufe, kisu kikiwa mbali na kazi, inatii? Ikitii, ubongo ni mzima na maradhi yako usoni. Wapo waliokwisha kuagiza bodi ya ubongo kwa bei ya gari kabla ya kuuliza hilo. Kioo hakikuwatuma.

Kina ucheshi pia. Kwenye vidhibiti vingi vya Fanuc, ukishika CAN na kubonyeza kitufe kimojawapo cha kurasa, kama POS, picha hufutika. Bonyeza POS peke yake, hurudi. Waundaji walikusudia hivyo, ili kioo kipumzike kisichakae. Kidole cha mfagiaji kinaweza basi kumleta fundi kutoka mji wa pili, akalipwa nauli, chakula na malazi, kwa kazi ya kubonyeza POS. Nani mwingine karakanani hugawa riziki kwa ukarimu huo?

Baada ya mzaha huja elimu. Zima taa za karakana, chungulia shingo ya chogo: kukiwa na mwanga mdogo wa rangi ya chungwa, moto wa ndani unawaka. Sogeza mkono karibu na uso wa kioo mashine inapowashwa: malaika yakisimama, umeme mkubwa umefika, na pengine kilichopotea ni mawimbi ya picha, au kuna aliyekizungusha hadi mwisho kile kifundo kidogo cha mwangaza. Pasipo dalili yoyote, shika mita. Vioo vingi vya namna hii hula volti 24, na mara nyingi kinachokosekana ni fyuzi moja. Kidhibiti chenyewe huishi kwa volti 5, nacho ni mchaguzi: chini ya 4.75 huanza kuweweseka au hugoma kuamka. Na pawa saplai isilaumiwe upesi. Kebo ya enkoda, kile kipima mwendo wa meza, ikilowa maji ya kupozea huko chini yaweza kuzivuta chini hizo volti 5 hadi kila kitu kizime. Chomoa kebo moja baada ya nyingine, umeme ukiwa umekatwa kila mara, hadi volti zirudi, nawe umempata mhalifu mita mbili kutoka kwa mshtakiwa.

Sasa usafi. Siku za nuru hakuna afunguaye kabati la umeme. Kioo kikizima hufunguliwa saa hiyo hiyo, na yote huanikwa: feni iliyokwama, chujio lililogeuka mkate wa mafuta na vumbi la chuma, kapasita zilizovimba vichwa, kiota cha panya. Kitabu cha mashine, kilichotafutwa mwaka mzima, huonekana kikiwa kigoda cha birika. Na usawa je? Mbele ya kioo hiki mkurugenzi na mwanagenzi huona kitu kimoja: sura zao.

Wapinzani hawakosekani. Husema ni cha hatari, kwa kuwa chogo hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Ni kweli, na asiyejua kukitoa chaji asikiguse. Lakini hiyo ni desturi ya wakubwa wote: hustaafu mamlaka yakiwa bado mifukoni. Wengine hukimbilia ofisini, wakaleta monita ya kompyuta na kuichomeka. Nayo hugoma, kwa sababu mashine nyingi za enzi hizo huchora mistari kama 15,700 kwa sekunde, ilhali monita ya kawaida haikubali chini ya 31,000 na ushei. Werevu zaidi hununua LCD iliyotengenezewa kazi hiyo. Hongera zao, lakini kama mawimbi hayafiki, wamelipia giza jembamba zaidi.

Shitaka zito ni kwamba kioo kikizima, mashine hufa. Hapa nakitetea kwa nguvu zote. Parameta za mashine, yaani kila kinachoiambia ina mihimili mingapi na iende kasi gani, hutunzwa na betri. Kwenye Fanuc 0 ni betri tatu kubwa za tochi, zinazobadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Kioo kikizima, wenye mashine huikata umeme na kusubiri kipuri miezi. Betri huisha, parameta huyeyuka, na kipuri kinapowasili hukuta mashine yenye uso mpya isiyojijua jina. Kioo kilificha maandishi tu. Waliomaliza kazi ni wale wasionakili parameta walipokuwa wakiziona.

Napendekeza basi kila karakana ikitukuze kwa sikukuu moja kwa mwaka. Siku hiyo mwangaza wa kioo uteremshwe kwa hiari, kisha wakubwa kwa wadogo waulizwe: Kitabu kiko wapi? Nakala ya parameta anayo nani? Betri zilibadilishwa lini? Volti 5 leo zinasoma ngapi? Watakaojibu, wapandishe mwangaza waendelee na kazi. Watakaoduwaa wasihuzunike, kioo chenyewe kitakuja kuwasahihishia mtihani, na hakina kawaida ya kutoa taarifa.