Jinsi ya Kudunga Vitegemezi Hadi Mwenzako Ahame Molo

Umepewa kazi ya kuandikia ushirika wa wakulima wa viazi mfumo wa malipo: Java upande wa serva, hifadhidata ya MySQL, na M-Pesa mwishoni kama kawaida. Umejikunyata ndani ya jaketi mbili, maana Julai ya Molo haina mzaha, na umesikia kwamba siku hizi hakuna anayeandika Java bila dipendensi injekshini. Vyema. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuitumia ipasavyo, yaani mpaka asibaki mtu mwingine anayeweza kuugusa mfumo huo ila wewe.

Wazo lenyewe ni dogo mno kwa mtu wa hadhi yako. Klasi inayolipa wakulima inahitaji kitu cha kuzungumza na M-Pesa. Badala ya kukiunda yenyewe kwa new, inatamka kwenye konstrakta kwamba inakihitaji, na anayeiunda klasi ndiye anayeikabidhi. Siku ya malipo inapewa M-Pesa ya kweli. Siku ya majaribio inapewa ya bandia isiyotuma hata ndururu. Basi. Martin Fowler alilipa jambo hili jina lake Januari 2004, na fremuweki ya Spring 1.0 ikatoka Machi mwaka huohuo, ikiwa imechipuka katika msimbo wa kitabu alichochapisha Rod Johnson mwaka 2002. Kitu chepesi hivi ukikiacha kilivyo, nyongeza ya mshahara utaiombea nini?

Anza na fildi. Usipitishe chochote kwenye konstrakta, maana konstrakta haina siri: kila anayeifungua anaona klasi inahitaji nini. Bandika @Autowired juu ya fildi binafsi kumi na mbili, uzitawanye faili nzima. Vitu kumi na viwili kwenye konstrakta vingekuwa gunia la lumbesa lililosimamishwa kando ya barabara. Hata mtoto angeona limepita kilo 50 za kanuni za viazi za 2019. Fildi zinakupa lumbesa ileile, ila imefunikwa turubai.

Kuna faida nyingine. Mwenzako atataka kujaribu hesabu ya makato tu. Ataandika new HudumaYaMalipo(), aite lipa(), na apate NullPointerException, kwa sababu kontena ya Spring haikuhusika na fildi zote ni tupu. Mwache ahangaike hadi jioni, kisha umwambie kwa upole, "Hiyo huwa haiundwi kwa new, ndugu yangu. Iache Spring iunde." Atalazimika kuwasha programu nzima ili ajumlishe namba mbili. Na kwa kuwa imewaka na mipangilio ya kweli, jaribio litamtumia mwenyekiti wa ushirika shilingi kumi.

"Kijana, nimeona kumi bob imeingia. Ni ya nini?"

"Ni mitambo, mzee."

"Na ile ya jana?"

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Spring isipoambiwa vingine huunda bini moja tu, yaani nakala moja, ya kila huduma, na bini hiyohiyo huhudumia maombi yote, hata yakija kwa wakati mmoja kwenye thredi tofauti. Sevleti nazo ni hivyo hivyo. Usiipoteze nafasi hii. Ndani ya huduma ya malipo weka fildi iitwayo mkulimaWaSasa. Ukijaribu peke yako kwenye laptopu itafanya kazi bila kasoro, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Ngoja msimu wa mavuno. Karani wa kwanza anabofya kumlipa mkulima wa Elburgon, na fildi inashika jina hilo. Kabla ombi lake halijafika kwenye mstari wa kutuma, karani wa pili anabofya kumlipa mkulima wa Turi, na fildi inabadilika. Pesa za Elburgon zinatua Turi. Ukisoma logi, hakuna kosa hata moja. Kesho ukijaribu tena, tatizo halitokei. Wapo wanaompitisha mkulima kama kigezo cha mbinu, au wanaotumia bini inayoishi kwa ombi moja tu kisha ikafa. Hao simu zao hazilii usiku, na hakuna anayekumbuka majina yao.

Ukikosolewa, taja Eldoret. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 na kusimikwa huko 2006, ule uliozaa KenyaEMR, huunganisha huduma zake kwa Spring. Lakini waandishi wa moduli wamezoea kuzichukua wenyewe kupitia mbinu za static: Context.getPatientService(), popote, wakati wowote. Usiseme kwamba mfumo ule una sababu zake, kwamba moduli huongezwa na kuondolewa kwenye mfumo uliokwisha kusimikwa. Usiseme pia kwamba majaribio mengi ya mtindo huo huwasha konteksti nzima ya Spring na hifadhidata ya kwenye kumbukumbu kabla ya kupima chochote. Na Fowler mwenyewe, aliyezipima njia zote mbili, ya kudungiwa na ya kujichukulia, alisema kuchagua kati yake si jambo kubwa kuliko kutenganisha upangaji wa huduma na matumizi yake. Hilo lifiche kabisa. Wewe chukua static. Sababu ziache hukohuko Eldoret.

Hatimaye huduma ya malipo itahitaji huduma ya stakabadhi, na ya stakabadhi itahitaji ya malipo. Tangu toleo la 2.6 la Novemba 2021, Spring Boot ikiuona mduara huo hukataa kuwaka. Usiguse muundo. Andika spring.main.allow-circular-references=true. Konstrakta zingegoma hata baada ya hapo, lakini wewe ulitumia fildi, kwa hiyo itawaka. Kwenye maelezo ya komiti andika "marekebisho madogo".