Ngeli za Ruzuku: Sarufi Fupi ya Mpango wa Nyumba Mjini

Wanasarufi wamekesha wakibishana juu ya idadi ya ngeli za Kiswahili, na wapo waliofika hadi kumi na nane. Hakuna hata mmoja wao, kwa kadiri tulivyochunguza, aliyezigusa ngeli za fedha ambazo serikali ya shirikisho ya Marekani huipa miji yake kila mwaka kwa ajili ya makazi. Pengo hili la kitaaluma halivumiliki. Ngeli hizo zipo, zina upatanisho wake, zina pia njeo zake, na mji unaokosea upatanisho hauishii kupata alama ya chini: hutakiwa kurudisha fedha. Makala haya yanakusudia kuweka msingi wa taaluma hii mpya, na kielelezo chetu ni Detroit, katika jimbo la Michigan, mji unaoimudu lahaja hii kuliko mingi.

1. Chimbuko la lugha

Zamani kila hitaji la mji lilikuwa na mlango wake wa kubisha hodi Washington: maji taka mlango wake, ubomoaji wa mitaa chakavu mlango wake, bustani mlango wake. Mji uliobisha kwa ufasaha ndio uliopewa. Sheria ya maendeleo ya makazi na jamii iliyotiwa saini tarehe 22 Agosti 1974 iliziunganisha fedha hizo katika fungu moja, Ruzuku ya Maendeleo ya Jamii, ijulikanayo kwa herufi CDBG. Aliyetia saini ni Rais Gerald Ford, mtu wa Michigan, akiwa na siku 13 tu madarakani.

Tangu hapo fungu hili hugawanywa kwa fomula. Kuanzia 1977 fomula ni mbili, na mji hupewa ile inayoupa fedha nyingi zaidi. Fomula ya pili ndiyo inayomvutia mwanaisimu. Nusu ya uzito wake iko kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, asilimia 30 kwenye umaskini, na asilimia 20 kwenye kudumaa kwa idadi ya watu. Yaani ukuta ukizeeka, mwenye nyumba akifilisika na jirani akihama, mji unajizolea alama. Detroit ilikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950, na sensa ya 2020 ikakuta 639,111. Kwa mizani ya fomula hiyo, huyo ni mwanafunzi bora wa darasa.

Kupewa fedha, hata hivyo, si kuzitumia. Mwaka 1995 Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji iliagiza kila mji uandike Mpango Jumuishi wa miaka mitatu hadi mitano, na ndani yake Mpango Kazi wa kila mwaka. Mpango huo hujazwa katika kiolezo cha wizara, kila sehemu na msimbo wake: mahitaji msimbo wake, soko la nyumba msimbo wake, mkakati msimbo wake. Mwandishi wa mji haulizwi ana neno gani la kusema. Huulizwa amejaza kisanduku gani.

2. Mofolojia: ngeli kuu nne

Ngeli ya PA-KU-MU. Hii ni CDBG yenyewe, fedha za mahali. PA ni mahali dhahiri: uwanja wa michezo, njia ya waenda kwa miguu, kituo cha jamii. KU ni mahali pasipo mipaka ya wazi: huduma za vijana, za wazee, za ajira. Wizara, ikihofu kwamba KU ingemeza kila kitu, imeiwekea kikomo cha asilimia 15. MU ni ndani ya nyumba: paa, boila, mabomba. Ajabu ya ngeli hii ni kwamba inaruhusu kutengeneza nyumba iliyopo, lakini kwa kawaida hairuhusu kujenga mpya.

Ngeli ya I-ZI. Hizi ni fedha za mpango wa HOME, uliozaliwa kwa sheria ya 1990. Nyumba hii inajengwa, nyumba hizi zinajengwa. Nomino zake hubeba kiambishi kirefu kuliko vyote tulivyokutana navyo: nyumba mpya ya kupangisha ni lazima ibaki na kodi nafuu kwa miaka 20. Aidha, asilimia 15 ya fungu hutengwa kwa ajili ya asasi za kijamii zinazoendeleza makazi.

Ngeli ya A-WA. Hii ni Ruzuku ya Dharura, ya watu wasio na makao. Nayo ina kikomo: matumizi ya mabweni ya muda na ya kuwafuata watu mitaani yasizidi asilimia 60, ili zinazosalia ziwazuie wengine wasifike huko na ziwarudishe waliokwisha kufika katika nyumba za kudumu.

Ngeli yenye utata. Hii ni HOPWA, ruzuku ya makazi ya watu wanaoishi na VVU. Hupewa mji mkubwa kuliko yote katika eneo lake, nao huhudumia majirani pia. Basi ni nomino ya umoja inayobeba kiambishi cha wingi, na maofisa wa miji jirani hupenda sana kubishana juu ya wingi huo.

Detroit huzipokea zote nne. Miji mingi midogo hupokea ya kwanza peke yake, ikasema kila kitu kwa PA-KU-MU.

3. Upatanisho wa kisarufi

Kila dola ya CDBG ni lazima ipatane na mojawapo ya malengo matatu ya taifa: kuwanufaisha wenye kipato cha chini na cha wastani, kuondoa uchakavu wa mitaa, au kukabili dharura. Na angalau asilimia 70 ya fedha zote zipatane na lengo la kwanza. Mwenye kipato cha chini au cha wastani ni yule ambaye kaya yake haizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Ukitaka kutengeneza bustani ya mtaa mzima, sharti asilimia 51 ya wakazi wa hapo wawe na sifa hiyo.

Mwanafunzi makini atauliza: je, mji wa matajiri, usio na mtaa hata mmoja unaofika asilimia 51? Sarufi haijawasahau. Kuna kighairi kinachoruhusu robo ya maeneo yenye maskini wengi zaidi katika mji huo ihesabiwe, hata kama maskini wenyewe ni wachache. Kwa hiyo kila mji una maskini wa kutosha kupokelea ruzuku. Maskini wakikosekana, hutafutwa wanaokaribia.

Tuchukue dola milioni moja za CDBG, tuzichanganue. Mji waweza kutoa hadi 200,000 kwa mipango na utawala, ambao ndio unaoandika kitabu chote cha mpango. Waweza kutoa hadi 150,000 kwa huduma. Zimebaki 650,000 kwa mahali na nyumba. Tujaalie paa moja la nyumba ya zamani limekula 20,000, pamoja na ukaguzi wa rangi yenye risasi unaotakiwa kwa nyumba za kabla ya 1978. Hata kama kila senti iliyobaki ingepanda juu, zingepatikana nyumba 32 zenye mapaa mapya. Mtaa mmoja wa Detroit una nyumba ngapi? Msomaji asihesabu. Atakosa usingizi.

4. Njeo

Mpango wa mji una njeo zake. Mpango wenyewe huandikwa kwa -TA-: tutajenga, tutatengeneza, tutawafikia. Taarifa ya utekelezaji, inayodaiwa ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa mpango kwisha, huandikwa kwa -ME-. Kati ya hizo mbili kuna -NGALI-, njeo ya marekebisho: tungalijenga, lakini mkandarasi alipandisha bei.

Tatizo kubwa la njeo hutokana na Bunge la Marekani, ambalo huchelewa kupitisha bajeti. Mpango unatakiwa ufike wizarani siku 45 kabla ya mwaka kuanza, lakini usifike kabla fungu halijatangazwa, na usivuke tarehe 16 Agosti, maana aliyevuka amepoteza CDBG ya mwaka huo. Kwa mji kama Detroit, unaoanza mwaka wake Julai Mosi, rasimu huwekwa mbele ya wananchi kabla kiasi hakijajulikana. Hapo waandishi hukimbilia -KI-: tukipata zaidi tutaongeza hapa, tukipata pungufu tutakata pale.

Kisha kuna kanuni ya mwendo. Siku 60 kabla ya mwaka kwisha, CDBG isiyotumika isizidi mara moja na nusu ya ruzuku ya mwaka. Mji unaojikongoja huanza kusaka mradi wowote ulio tayari. Hii ndiyo asili ya njia nyingi mpya za waenda kwa miguu: hazikuombwa na mtu, ila zilikuwa tayari.

5. Semantiki: paa lisilo na maana

Sasa tufike palipo na uzito. Mpango hupima dhiki ya nyumba kwa matatizo manne tu: kukosa jiko kamili, kukosa mabomba kamili, msongamano wa zaidi ya mtu mmoja kwa kila chumba, na kodi inayozidi asilimia 30 ya kipato. Kodi ikivuka asilimia 50, kaya ina mzigo mkubwa.

Mpangaji wa kwanza anapata dola 1,800 kwa mwezi na analipa kodi ya 950. Ana mzigo mkubwa, na jedwali linamtambua. Mpangaji wa pili anapata kiasi hichohicho, analipa 535, na analaza watoto chini ya ndoo kwa sababu paa linavuja. Asilimia yake ni 29.7. Jiko analo, bomba analo, vyumba vinatosha. Kisayansi, hana tatizo.

Katika jedwali hilo paa linalovuja halina ngeli. Wala ukungu ukutani, ngazi zilizooza, boila lililokufa mwezi wa Januari. Na Detroit ni mji wa nyumba za zamani zenye wenyewe ndani, wengi wao wazee waliokwisha kulipa mkopo wa nyumba zamani lakini hawana pa kupata mwingine wa kuzitengeneza. Mji ulilijua hilo bila msaada wa jedwali: mwaka 2015 ulianzisha mikopo ya ukarabati isiyo na riba, ya dola 5,000 hadi 25,000 kulipwa kwa miaka kumi, ukichanganya CDBG na fedha za benki. Tuulize basi: habari za mapaa ziliufikiaje mji, ikiwa hazikupita kwenye majedwali?

6. Pragmatiki: wazungumzaji wa kikao cha hadhara

Zilipita kwenye vinywa vya watu. Utafiti wetu unawagawa wahudhuriaji wa vikao vya hadhara katika makundi manne.

Mshukuruji ni mkurugenzi wa asasi iliyofadhiliwa mwaka jana. Huanza kwa shukrani, humaliza kwa kiasi.

Mwenyeji ni ofisa mipango. Ndiye pekee aliyesoma rasimu yote, na ndiye pekee asiyeruhusiwa kutoa maoni.

Diwani huuliza swali moja tu, na jibu lake sharti liwe na jina la kata yake.

Wa nne, adimu kuliko wote, ni mama mwenye picha za paa kwenye simu. Hajui msimbo wowote. Anataja mtaa, anataja nyumba ya jirani yake, anakaa. Wataalamu humwona kuwa amekosea mlango. Lakini kanuni zinamlinda kuliko wengine wote: rasimu ni lazima iwekwe wazi kwa maoni kwa siku 30, muhtasari wa maoni uambatanishwe na mpango, na maoni yaliyokataliwa yaandikwe pamoja na sababu ya kuyakataa. Kwenye kiolezo kile kuna safu maalumu kwa kazi hiyo. Hapo ndipo paa linalovuja laweza kuandikwa kwa jina lake.

7. Hitimisho

Sarufi hii ni ngumu, tena ina vichekesho vyake, lakini ni sheria. Inaufunga mji kama inavyomfunga mkazi. Sheria inataka vikao vya hadhara angalau viwili kwa mwaka, na kimoja kifanyike kabla rasimu haijatolewa. Wengi huenda cha mwisho, wakati fedha zimekwisha kupata ngeli. Nenda cha kwanza. Taja mtaa, taja idadi ya nyumba, taja kwamba wakazi wake ni wa kipato cha chini, kisha omba ukarabati kutoka CDBG kwa jina lake. Nawe unayesoma makala haya ukiwa Louisville au Columbus, na Kiingereza chako bado kinakuja, omba mkalimani mapema: kanuni inautaka mji ueleze jinsi utakavyowahudumia wasiosema Kiingereza pale wanapotarajiwa kwa wingi. Wakikukatalia, dai sababu kwa maandishi. Wanawajibika kuiandika.