Uzi wa Kidevuni

Ngozi ya kidevu changu ingali inawasha mahali pale palipovutwa, ingawa alasiri ya Ijumaa imekwisha kupita na wageni wamekwisha kurejea kwao Kibokoni. Walikuja kuleta posa ya binti yangu. Walipokewa kwa udi na marashi, wakaketi juu ya zulia jipya, wakanywa kahawa, wakala halua na kaimati, wakayasifu mapazia. Na mazungumzo yalipofika pale ambapo desturi humtaka mama wa mwari anyamaze kwa haya, huku masikio yake yakidaka kila neno la mahari, shangazi wa kijana, bibi mwenye heshima zake na mwenye macho makali kupita yalivyostahili kuwa katika umri ule, aliniinamia kwa upole, akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Bi mkubwa, una uzi hapa," kisha akanyoosha vidole viwili, akaushika ule uzi, akauvuta.

Haukuja. Niliyekuja ni mimi.

Akavuta tena kwa nguvu zaidi, maana alidhani uzi umenasa katika ukosi wa kanzu yangu, na uso wangu wote ukamfuata mpaka paji langu likakaribia kikombe chake cha kahawa. Hapo ndipo alipofahamu ameshika nini. Ninaamini kuwa katika nukta ile bibi yule alipima mambo mawili: auachilie, na kwa kuuachilia awe amekiri mbele ya kadamnasi kwamba ameshika udevu wa mamake bibi arusi mtarajiwa, au aendelee mpaka utoke, na hivyo aitimize kazi aliyoianza kwa nia njema. Nasaba yake si ya watu waachao jambo katikati. Alivuta mara ya tatu, ukatoka. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, na sote tukautazama pamoja naye, kwa sababu ulikuwa na urefu wa kustahili kutazamwa, mweusi nchani na mweupe shinani, ushahidi dhahiri kwamba ulianza safari yake mimi ningali kijana. Akauweka katika pembe ya lesso yake, akaufunga fundo kama afungavyo mtu pesa za nauli, akasema, "Mashallah."

Nimekwisha kuipindua Mashallah ile pande zake zote, nami bado sijaridhika kama ilikuwa ya urefu, au ya uimara wa shina, au ilikuwa kinga tu ya husuda. Mume wangu, ambaye utosi wake hauna kitu tangu binti huyu hajazaliwa, alipohadithiwa alicheka mpaka akapaliwa. Na hapana hata mtu mmoja aliyewahi kumwinamia yeye barazani akamwondolea chochote.

Wageni hawajamaliza kuvaa viatu, binti yangu akaniuliza kwa uchungu ilikuwaje nisiuone. Swali lake ni la haki, na jawabu lake limo katika hila ambayo umri umeipanga kwa ustadi wa kutisha. Lenzi ya jicho, ambayo utotoni hunyumbuka kwa wepesi, huendelea kukakamaa mwaka baada ya mwaka, na aghalabu mtu avukapo miaka 40 vitu vya karibu huanza kumvurugikia. Basi mwanamke akikikaribia kioo ili auone udevu, lenzi haikubali. Akirudi nyuma mpaka lenzi ikubali, udevu ni mwembamba mno kuonekana kwa umbali ule. Akivaa miwani, kibano kinagonga fremu. Masafa ambayo udevu huonekana vizuri kuliko yote ni yale yale ambayo watu wawili hukaa wanapozungumza kwa adabu, kwa hiyo anauona kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Usiku ule sikulala. Nilisoma, na kadiri nilivyosoma ghadhabu yangu iligeuka kuwa mshangao, kwa maana sikutarajia kwamba aibu yangu imejengwa kwa hikma kiasi kile. Kichwa cha mwanadamu kina vinyweleo takriban 100,000, na kila kimoja hufuata kalenda yake peke yake: huotesha unywele kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, kisha hupumzika kama miezi 3, unywele ukadondoka, kikaanza upya, ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si maradhi. Sasa katika mwili wa mwanamke, tangu ubaleghe hadi uzee, hutengenezwa pia homoni ile inayohesabiwa kuwa mali ya wanaume, testosteroni, na maadamu estrojeni ipo kwa wingi, testosteroni hukaa kwa adabu. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka kwa ghafla, ilhali mwenzake hashuki kwa mwendo ule. Testosteroni ifikapo kinyweleoni hukutana na kimeng'enya kinachoigeuza kuwa dihidrotestosteroni, na hii ndiyo bwana mkubwa wa kisa chote. Kwa amri yake kinyweleo cha kidevuni hunenepa, na malaika laini aliyekuwa hapo, asiyeonekana na mtu, hugeuka udevu mnene wenye rangi. Na kwa amri hiyo hiyo moja kinyweleo cha utosini husinyaa kila zamu, unywele wake ukazidi kuwa mfupi na mwembamba, hata mwisho ukabaki malaika. Kwa hiyo utosi wangu unarejea utotoni wakati kidevu changu ndiyo kwanza kinabaleghe.

Ukiuliza kwa nini viungo viwili visikie amri moja na kutii kinyume, jawabu ni kuwa kila kinyweleo huzaliwa na tabia ya kwao na hakiiachi hata kikihamishwa. Tabibu Norman Orentreich wa New York alilithibitisha jambo hili mwaka 1959, alipohamisha vinyweleo kutoka kisogoni mwa watu wenye upara akavipandikiza utosini, navyo vikaendelea kuota ugenini kana kwamba havijaondoka kisogoni. Wataalamu wengine walijishughulisha na kutupima sisi wanawake. Ferriman na Gallwey, mwaka 1961, waligawa mwili wa mwanamke sehemu 11, na kila sehemu wakaipa alama tangu 0 hadi 4 kwa kadiri ya manyoya yake. Na Ludwig, mwaka 1977, akaupanga upungufu wa nywele za utosini katika daraja 3, kwa jinsi njia ya katikati inavyopanuka. Nimejisahihisha mwenyewe mbele ya kioo kwa mizani zote mbili, na ni mara ya kwanza maishani kusikitika kwa kupata alama nzuri.

Nisingethubutu kulitia jambo hili la ndevu za mwanamke katika maneno ya dini, lau si kuwa wakubwa wa dini walilitia zamani. Imamu Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 310 Hijria, alishika kuwa mwanamke asigeuze chochote katika umbo aliloumbiwa, na hata akiota ndevu aziache. Imamu Nawawi, wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, akasema la, ndevu na masharubu vikimwota mwanamke kuviondoa si haramu, bali ni jambo lipendezalo. Namwombea Nawawi rehema kila nishikapo kibano. Tabari naye namrehemu, walakini ningependa angaliketi sebuleni kwangu Ijumaa ile.

Kuhusu wembe, somo yangu aliniapia tangu ujana kwamba ukinyoa mara moja utaota msitu. Mtaalamu wa maumbile ya mwili, Mildred Trotter wa St. Louis huko Marekani, aliwachunguza wanaume wenye kunyoa na mwaka 1928 akaeleza kwamba wembe hauongezi unene wala kasi ya ndevu. Unywele uliokatwa una ncha butu, na ubutu huo ndio mkono unaodhani kuwa ni unene. Nilimpelekea somo habari hii. Akasema Marekani hewa yao ni nyingine.

Dawa ya kuotesha kichwa iitwayo minoksidili ilianza kuwa kidonge cha shinikizo la damu, ikatambulikana kwamba wagonjwa wanaota nywele mahali wasipozitaka, na mwaka 1991 ikaruhusiwa Marekani kupakwa utosini mwa wanawake. Nilipaka usiku, ikateremka juu ya mto. Utosi haukuitika; mashavu yaliitika.

Ila dawa iliyonifanya niache kucheka ni ile ya kuzuia ndevu, eflornithini. Ilitafutwa kwa ajili ya saratani, ikaonekana kufaa kwa malale ya aina ile iliyokuwa ikiwaua watu wa Kongo, wa Sudani ya kusini na wa kaskazini magharibi ya Uganda. Na watu waliokuwa wamekwisha kuzama katika usingizi wa kifo waliinuka, hata ikaitwa dawa ya ufufuo. Dawa iliyokuwapo kabla yake, melarsoproli, ilikuwa na aseniki, na yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa. Eflornithini ikaruhusiwa mwaka 1990, na haukupita muda ikaachwa kutengenezwa, kwa kuwa waliohitaji kuishi hawakuwa na pesa za kununua uhai. Mwaka 2000 dawa hiyo hiyo ikatokea tena Marekani, imewekwa ndani ya krimu nzuri, kwa ajili ya masharubu ya wanawake. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Ulimwenguni walipiga kelele, na mwaka 2001 ikapatikana ahadi ya kuitengeneza tena kwa ajili ya wagonjwa wa malale na kuitoa bila malipo. Mimi ni mwanamke mwenye ndevu na najua uchungu wake. Walakini sijaona hesabu ya insafu inayoweza kukiweka kidevu changu mbele ya mtoto wa Kongo asiyeamka, na waliopiga hesabu ile hawakupiga kwa insafu. Na krimu yenyewe haing'oi hata udevu mmoja. Huuchelewesha tu, na ukiacha kuipaka, wiki kama 8 baadaye umerudi ulivyokuwa. Mwuza dawa wa mtaani kwetu nilipomwuliza habari zake alinitazama kidevu, akanipa wembe, na akakataa pesa.

Mengine ni madogo. Piko niliyojipaka utosini ili kuficha ngozi ilitiririka shingoni katika hitima, katikati ya dua, na jirani akadhani nalia. Mpiga picha wa pasi aliniomba nipanguse kidevu, nikapangusa, akaniomba tena. Maji ya vitunguu niliyosugulia utosi yalinifukuzia wajukuu. Wigi nilivaa mara moja, mtandio ukafunuka kwenye kivuko cha Likoni, upepo ukalitwaa ukalitupa katika maji ya Kilindini, na abiria mmoja akapiga ukelele kwamba paka ameanguka, vijana wawili wakaanza kuvua mashati.